Pua ya Mzee Njoroge

Juzi vijana wa kanisa letu hapa Kimilili waliniomba niwaeleze kazi niliyofanya maishani. Nikawaambia nilikuwa mwonjaji wa chai kule Kitale, kwa kampuni ndogo ya kuchanganya na kupakia majani. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Ati? Walikuwa wanakulipa kunywa chai? Si hiyo ndiyo job, bana!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimepewa dakika kumi, nikazimaliza kwa habari za vikombe na vijiko, nikaketi. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba lile la maana sikuwaambia. Ndiyo maana nimekaa kuliandika.

Kwanza mjue, mwonjaji hanywi. Anachota kwa kijiko, anavuta kwa nguvu mpaka chai irukie kaakaa la juu, anaizungusha mdomoni, kisha anatema kwenye ndoo. Ukimeza kila kikombe kilicho mezani, kufika saa nne mikono inatetemeka na moyo unakimbia. Ule mvuto una sauti kubwa, na ukishauzoea huwezi kuuacha. Siku mume wangu aliponipeleka kwa wazazi wake mara ya kwanza, niliwekewa chai ya maziwa, nikaivuta kama niko kazini. Nyumba nzima ikanigeukia. Nami nimejaza mdomo, macho yanatafuta ndoo. Mama mkwe akaniuliza kwa huruma, "Imekuchoma, mwanangu?" Nikameza, nikasema ndiyo, imenichoma.

Aliyenifundisha ni Mzee Njoroge. Wazazi wake walitoka Nyeri wakapata shamba karibu na Moi's Bridge, naye akazaliwa hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache, koti la kaki limepigwa pasi kila siku, na kalamu mbili mfukoni. Siku yangu ya kwanza nilijipaka mafuta mazuri yenye manukato, maana nilikuwa naanza kazi ya ofisini. Nilipoingia tu chumba cha kuonjea, hata salamu hakujibu.

"Toka nje," akasema. "Kuna bomba pale nyuma. Osha mikono, osha uso, osha shingo. Urudi ukiwa hunuki kitu."

Nikaosha. Nikarudi. Akanusa hewa, akasema, "Nywele pia." Nikatoka tena.

Kwa miaka yote niliyofanya naye sikuwahi kula kitunguu kibichi asubuhi wala kufua nguo ya kazi kwa sabuni ya kunukia. Na alinicheka sana kwa ulimi wangu wa Bungoma. Mimi nikisema "halufu", yeye anasema "harufu, Nasimiyu, harufu," nami narudia "halufu" nikidhani nimerekebisha. Mwishowe akachoka. Akaniambia, "Sema unavyotaka, bora uisikie."

Sasa niwaeleze ile chai yenyewe. Tulipakia chai za kawaida, lakini kulikuwa na moja ya pekee, chai nyeusi iliyotiwa begamoti. Begamoti ni tunda la jamii ya ndimu na machungwa. Kwetu halipandwi, na mimi mwenyewe sijawahi kulishika mkononi. Kilichotufikia ni mafuta ya ganda lake, kwenye chupa nyeusi zilizofungwa sana. Majani yalitandazwa ndani ya pipa linalozunguka, yakanyunyiziwa mafuta kwa pampu kidogo kidogo, kisha yakafungiwa siku kadhaa ili yatulie. Mafuta yakipungua, unapata chai ya kawaida yenye majivuno. Yakizidi, unakunywa sabuni. Kati ya hizo mbili kuna nafasi nyembamba sana, na kazi ya mwonjaji ni kukaa hapo.

Mkiipata, msiichemshe na maziwa kama tunavyochemsha chai zetu za nyumbani. Chemsha maji peke yake yatokote, yatoe kwenye moto, mwagia majani, funika. Kufunika ndiyo siri, kwa sababu ile harufu hupanda na mvuke ikaenda zake. Ngoja muda wa kukatakata sukuma wiki ya watu wawili, basi. Kisha funua, na kabla ya kuonja nusa chini ya kifuniko, hapo ndipo harufu imejificha. Ukivuta, begamoti ifike kwanza, chai ifuate, na ukishatema, mdomoni ibaki chai. Ikibaki harufu peke yake, kuna kosa. Na kikombe kimoja kiache kipoe kabisa uonje tena. Chai ya moto inaweza kukudanganya, iliyopoa haiwezi.

Hayo yote alinifundisha Mzee Njoroge, na kwa muda mrefu niliamini hakuna pua kama yake kutoka Kitale mpaka Bungoma.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mvua. Nilikuwa natoka stoo na sampuli, nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua nikiwa bado kwenye korido. Nikakimbia. Taulo la kufutia vikombe lilikuwa limeangukia jiko la stima na ukingo wake umeshakuwa mweusi. Mzee Njoroge alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka hapo, ameligeuzia jiko mgongo, anaandika kwenye daftari lake. Alishtuka aliponiona nalichomoa lile taulo.

"Hukusikia, Mzee?"

"Nilikuwa nimezama kwenye hesabu," akasema.

Nikaamini mchana kutwa. Lakini kesho yake nikafanya jambo ambalo bado linanitia haya. Nilitenga vikombe viwili vya rangi moja, kimoja cha begamoti, kingine cha chai tupu, nikamwekea. Nilimwambia vyote ni vya begamoti, magunia mawili tofauti. Akavuta cha kwanza, akatema. Akavuta cha pili, kile cha chai tupu, akafumba macho kama alivyozoea.

"Hii ya pili begamoti imekaa vizuri zaidi," akasema.

Uso wangu ulinisaliti. Aliponiangalia aliweka kijiko chini taratibu.

"Umenijaribu."

"Nisamehe, Mzee."

"Hapana. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo." Akafuta midomo kwa leso. "Ile homa iliyonilaza mwaka jana wakati wa mvua ndiyo iliondoka nayo. Ulimi bado unanipa uchungu na ukali. Nikiona rangi, nikishika jani, nakisia. Lakini harufu, Nasimiyu, sisikii hata mafuta ya taa."

Aliniomba nisiseme. Alisema amebakisha mwaka mmoja na kitu astaafu, na kwamba mwonjaji asiye na pua ni kichekesho. Nikakubali. Sikukubali kwa ubaya, nilimpenda kama mzazi. Tukatunga ishara yetu. Mimi nilionja kwanza. Kikombe kikiwa kizuri nilielekeza mpini wake kwake, kikiwa kibaya niliuelekeza dirishani. Yeye alivuta, akatema, akaandika. Tulienda hivyo miezi mingi na hakuna aliyejua. Na niwaambie ukweli, nilianza hata kufurahia. Nilijiona nimekuwa mwonjaji mkuu bila mtu kujua.

Kisha mama yangu akalazwa hospitali, nikaomba ruhusa ya wiki tatu kuja huku Kimilili. Mzee Njoroge akaniambia, "Nenda ukamwangalie mama. Wiki tatu nitaziweza."

Nilirudi siku ya Jumatatu. Nikakuta mama mmoja amesimama katikati ya chumba cha kuonjea, kitenge kimefungwa kiunoni, ameweka juu ya meza yetu pakiti ya chai iliyofunguliwa na thermos. Huyo alikuwa Mama Khisa, mwenye hoteli ya chai mjini Bungoma. Meneja wetu alikuwa amesimama mlangoni, na Mzee Njoroge karibu na dirisha.

"Onjeni," Mama Khisa akasema. "Si nyinyi ndio wataalamu? Onjeni."

Habari ilikuwa hivi. Akina mama wa kanisa lake walikuwa na mkutano mkubwa, wageni wamekuja kutoka parokia zote, na wakampa yeye kazi ya chai. Akaamua kuwaandalia ya begamoti, waonje kitu kizuri. Walipoonja, wengine waliitema kwenye nyasi. Mtu mmoja akasema chai inanuka sabuni, mwingine akasema ni vikombe havikusuuzwa, na kufika jioni habari zilikuwa zimezunguka soko kwamba Mama Khisa ana uchafu. Wateja wa miaka na miaka walikuwa wanapita mlango wake wakiangalia upande mwingine.

"Mimi naosha vikombe kwa mikono yangu hii," akasema, akiinyoosha mbele yetu. "Nimewaoshea watu vikombe tangu watoto wangu wakiwa mgongoni. Leo naitwa mchafu."

Meneja akamwita Barasa, aliyekuwa akishughulika na pipa na pampu. Barasa hakukana.

"Pampu iliziba, ikazibuka, sikujua kama mafuta yameingia mara moja ama mara mbili," akasema. "Lakini nilimwambia Mzee. Nilimwambia, onja hii vizuri, pampu imenisumbua."

Meneja akamgeukia Mzee Njoroge. "Alikuambia?"

Mzee akaangalia nje dirishani. "Sikumbuki," akasema.

"Nasimiyu, wewe uliionja?"

"Mimi nilikuwa Kimilili," nikajibu.

Lilikuwa neno la kweli kabisa, na nililitumia kujificha. Barasa alifutwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Alipita mbele yangu na jaketi lake begani, akaniambia, "Haya, dada, tutaonana," kama mtu anayeenda likizo.

Siku mbili sikuweza kula vizuri. Siku ya tatu, baada ya kazi, nikaenda Kipsongo alikokuwa anakaa. Niliuliza mlango kwa mlango mpaka nikamkuta ameketi nje anashona kiatu cha binti yake. Mkewe alinikaribisha, akanipa strungi, chai isiyo na maziwa, kwenye kikombe cha bati. Nilitarajia maneno makali. Barasa alishona tu, halafu akaniuliza kitu kimoja.

"Mimi najiuliza tu. Mzee alinisikia, ama hakunisikia? Kwa sababu nimeanza kufikiria labda sikusema. Labda niliota."

Hapo ndipo nilipovunjika. Mtu alikuwa amepoteza kazi, na sasa alikuwa anaanza kupoteza hata imani na akili yake mwenyewe, kwa sababu watu wawili aliowaheshimu walinyamaza.

"Alikusikia," nikamwambia. "Hukuota. Na mimi najua kwa nini hakuweza kufanya kitu."

Nikamweleza yote. Mkewe akaacha kukoroga sufuria. Barasa akavuta uzi, kisha akasema, "Sasa ukiwa umeniambia mimi, bado hujaambia mtu." Akaendelea kushona.

Asubuhi nilimngoja Mzee Njoroge getini. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee, leo naenda kusema. Nimekuja kukuambia wewe kwanza, usije ukasikia kwa wengine."

Nilidhani atanisihi. Alinitazama, na nikaona hajalala usingizi mzuri siku nyingi.

"Utasema nini?"

"Kwamba nilijua. Na kwamba nilikuwa nakusaidia kuficha."

"Hiyo ni sehemu yako," akasema. "Yangu niachie mwenyewe."

Tukaingia kwa meneja pamoja. Mzee hakuketi. Alieleza habari ya homa, ya vikombe, ya ishara yetu, na mwisho akasema, "Barasa aliniambia. Nilimsikia vizuri. Nilionja, sikusikia kitu, nikaandika ni nzuri kwa sababu niliona aibu kuandika sijui." Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Meneja alikasirika kweli, na alikuwa na haki. Barasa aliitwa arudi kazini wiki hiyo hiyo, na mbele ya wafanyakazi wote meneja alimwomba radhi. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye meza ya kuonja miezi mitatu, nikapelekwa kubandika lebo. Mzee Njoroge aliambiwa aende nyumbani. Lakini aliomba jambo moja kabla ya kwenda.

"Yule mama wa Bungoma," akasema. "Kumwandikia barua ya radhi hakutoshi."

Kwa hiyo Jumapili moja tulikwenda Bungoma, yeye, mimi na Barasa, tukiwa na majani mapya niliyoyaonja mara nne, ya moto na ya baridi. Mama Khisa alikuwa ameambiwa tunakuja, na akina mama walikuwa wamebaki ukumbini baada ya ibada. Mimi nilichemsha maji. Barasa akapanga vikombe. Mzee Njoroge akasimama mbele, koti lake la kaki, mikono nyuma.

"Akina mama, mimi ndiye niliyeipitisha ile chai mliyoitema," akasema. "Vikombe vya mama huyu vilikuwa safi. Pua yangu ndiyo mbovu. Haisikii kitu. Nilijua, na bado nikaendelea kuonja. Nimekuja niseme hivyo nikiwa nimesimama, mbele yake na mbele yenu."

Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa mstari wa mbele akauliza, "Haisikii hata maandazi yakiiva?"

"Hata maandazi, mama."

"Uuwi, pole," akasema. "Pole sana." Na wengine wakaanza kusema pole, na yeye aliyekuja kuomba msamaha akawa anapewa pole, na sikujua niangalie wapi.

Tuligawa chai. Wakanywa, wakaongezewa. Mama Khisa alikunywa yake hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Ni nzuri," akatuambia tukiwa tunaondoka. "Lakini mimi sitainunua tena. Nitabaki na ile ya maziwa, watu wangu wanaijua. Mmenirudishia jina, hiyo inatosha."

Mzee Njoroge akamwambia, "Ni haki yako, mama." Nami nikajifunza kwamba kukubali kosa si njia ya kurudishiwa kila kitu. Barasa alirudishiwa kazi, Mama Khisa akarudishiwa wateja wake, kampuni ikakosa mteja, na Mzee akakosa miezi yake ya mwisho. Hivyo ndivyo mambo yalivyoisha, na sijawahi kuona kama yangeisha vizuri zaidi tungeendelea kunyamaza.

Baada ya ile miezi ya lebo nilirudishwa mezani kwa majaribio, na majaribio hayo yakaendelea hadi nywele zikawa nyeupe. Nilimtembelea Mzee Njoroge Moi's Bridge mara nyingi. Alilima mahindi, akafuga ng'ombe wawili, na hakuna siku aliyonilaumu. Alifariki miaka kadhaa iliyopita, na wanawe walinipa nafasi ya kusema neno. Nilisema "halufu" mbele ya umati wote wala sikujali.

Sasa vijana, mmeniuliza pia kwa nini nilistaafu mapema. Nyote mnaikumbuka corona. Kwangu haikuwa kali, siku kumi za kulala na kikohozi. Nilipopona nikarudi kazini. Asubuhi ya kwanza tulikuwa na begamoti mezani, mimi na Chebet, dada niliyekuwa nimemfundisha miaka mitano. Nikafunua kikombe cha kwanza, nikanusa chini ya kifuniko. Maji ya moto tu. Nikafunua cha pili. Maji ya moto.

Chebet akasema, "Hii imezidi kidogo, ama naona vibaya, mama?"

Najua mnatarajia niseme sikusita. Nilisita. Nilitazama jani lililoiva, nilitazama rangi, na kichwani nilikuwa tayari na jibu ambalo lingepita. Uzoefu wa miaka yote hiyo ungenibeba miezi mingi, na Chebet asingeuliza, maana aliniheshimu. Ndipo nikaelewa kwamba Mzee Njoroge hakuwa mwongo tangu mwanzo. Alikuwa mtu aliyesita asubuhi moja, akaahirisha hadi kesho.

"Sijui, Chebet," nikasema. "Sisikii kitu. Andika unavyosikia wewe."

Nikavua koti la kazi, nikaenda ofisini nikamwambia meneja mpya kabla chai haijapoa. Alinipa miezi mitatu nipone. Harufu ikarudi nusunusu: kahawa inanukia kama mpira ulioungua, vitunguu havipo kabisa, mvua nasikia. Nikajaribiwa mezani, nikakosea vikombe vingi kuliko nilivyopata. Nikaandika barua ya kustaafu kwa mkono wangu. Chebet ndiye aliyelia.

Bado nakunywa ile chai. Chebet hunitumia pakiti, na nikienda Kitale hunikaribisha mezani kwetu pale. Anamwagia maji, anafunika, anangoja, anafunua, ananusa, kisha ananieleza. Leo imetulia, anasema, leo iko juu kidogo, leo inanukia kama ganda la chungwa lililokaa juani. Mimi navuta, nasikia ule ukali wa jani ulimini. Nusu ya chai hiyo naionja mwenyewe, na nusu naambiwa, na nimekubali kuambiwa.